Mahali pa Kujifunzia Kusimama Ubaoni Baharini: Upepo na Maji Vitazamwe Kwanza

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaokwenda pwani siku za mapumziko watakuwa wamekwisha kuuona mchezo wa mtu kusimama wima juu ya ubao mpana, akijisukuma kwa kafi moja ndefu na mara nyingine akilipanda wimbi hadi ufukweni. Asili yake ni Hawaii, katika pwani ya Waikiki, nao ulienea duniani baada ya mwaka 2000. Kwa mzaliwa wa visiwani si ajabu kubwa, kwani mvuvi anayesimama mtumbwini akasukuma kwa pondo hufanya jambo lililo karibu na hilo kila siku. Tofauti ni kwamba mvuvi anaijua bahari yake, na anayejifunza mara nyingi haijui.

Kosa linalotokea sana ni kuchagua maji kwa kuwa yamelala. Pwani ya magharibi ya Unguja, kuanzia Bububu na Mangapwani hadi Kendwa, huwa shwari karibu na ufukwe hata siku za upepo mkali, na mgeni huona hapo ndipo pa kuanzia. Ni vyema ikaeleweka kuwa utulivu huo ni wa kukingwa na ardhi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Pepo zote mbili, zikifika upande huo, zimekwisha kukikata kisiwa na zinaelekea baharini. Mtu aliyesimama ubaoni ni tanga. Akitoka kidogo tu nje ya kivuli cha minazi husukumwa kwenda nje, na mbele yake kuna zaidi ya kilomita 30 za maji kabla ya Bara. Kwa hiyo upande wa magharibi unamfaa anayeanza pale tu upepo umekufa, hususan nyakati za maleleji baina ya pepo hizo mbili.

Pwani ya mashariki, kama vile Bwejuu, Paje na Jambiani, haina sura ya upole, lakini pepo huko humrejesha mtu nchi kavu. Aidha, mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufukwe huyavunja mawimbi makubwa ya bahari kuu, na yanayobaki ndani ni madogo, juu ya mchanga. Hayo ndiyo mawimbi ya kujifunzia. Wimbi linalovunjika mwambani penyewe liachiwe wenye uzoefu, maana chini yake maji ni haba na matumbawe ni makali.

Hatari ya mashariki iko katika milango ya mwamba. Maji yaliyoingia kwa kupita juu ya mwamba wote hutafuta njia chache ya kutokea yanapokupwa, na mkondo katika milango hiyo haushindwi na kafi ya mwanafunzi. Ghuba ya Chwaka, ambayo ni pana na ya kina kidogo, humwaga maji mengi kwa namna hiyo hiyo karibu na mdomo wake. Mkondo huwa na nguvu zaidi katika saa ya tatu na ya nne tangu maji kuanza kupwa.

Kwa kuzingatia hayo, siku yenyewe ina uzito kuliko jina la ufukwe. Wakati wa bamvua, baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4; maji hukauka takriban saa nne asubuhi na kujaa takriban saa kumi jioni, upepo ukiwa umekwisha kupanda. Siku za maji mafu, yaani kiasi cha tarehe 8 au 9 na 22 au 23 za mwezi wa kuandama, mikondo hulegea, na maji hujaa katikati ya asubuhi kabla upepo haujashika. Inashauriwa anayeanza aingie siku hizo, saa moja au mbili kabla ya maji kujaa, na atoke yanapoanza kugeuka.

Asiyejua kalenda ya maji amwulize bwana diko au mvuvi yeyote aliyepo. Ipo pia alama iliyo wazi kwa kila mtu: chombo kilichotia nanga huelekeza omo kule upepo au mkondo unakotoka. Ngalawa zikitazama nchi kavu, maji au upepo unakwenda nje, na ubao usiteremshwe.

Katika fukwe hizo za mashariki yamo mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989 na ambacho wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yakijaa, vijiti na kamba havionekani vyema. Ubao ukipita juu yake hukata kazi ya wiki kadhaa, na anayeanguka huumia. Njia ipitayo nje ya mashamba iulizwe kwa wenyeji kabla ya kuingia. Huko Paje pana pia wachezaji wanaovutwa na tiara siku za upepo, nao wapishwe mbali kwa ajili ya kamba zao.

Ubao ufungwe mguuni kwa kamba yake, na jaketi la kuokoa maisha livaliwe hata na ajuaye kuogelea. Anayechukuliwa na maji asiuache ubao kwa nia ya kuogelea hadi pwani. Alale kifudifudi juu yake ili upepo usimpate, apige kafi au mikono kwa kukata mkondo ubavuni, na ainue mkono kuwaita walio ufukweni.