WAFASHISTI WA UINGEREZA WANATUHUSU NINI?

Siku moja tulikuwa tukisoma habari za Hitler katika somo la Historia. Mwenzetu mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, Waingereza waliompiga Hitler, je, wao hawakuwa na watu kama yeye kwao?" Mwalimu alicheka kidogo, akasema swali hilo ni zuri na kila mtu aende akatafute. Mimi nilienda, na niliyoyapata ndiyo nitakayowaeleza. Kumbe habari yenyewe inapitia Kenya!

Kwanza kabisa, ufashisti ni nini? Ni siasa inayotaka nchi iongozwe na mtu mmoja asiyepingwa, inayotukuza taifa au rangi moja kupita wengine, na inayotumia nguvu kuwanyamazisha wapinzani. Ilianza Italia chini ya Mussolini. Huko Uingereza aliyeileta kwa kishindo ni Oswald Mosley. Bwana huyu alikuwa amepitia chama cha Conservative na kile cha Labour, na hata kuhudumu katika serikali ya Labour. Mwaka wa 1932 alianzisha chama cha wafashisti wa Uingereza. Wafuasi wake walivaa mashati meusi kama wa Italia. Wakati huo watu wengi walikuwa hawana kazi, na mwenye njaa akiambiwa adui yake ni nani huwa haulizi mara mbili. Mosley aliwaonyesha Wayahudi.

Tarehe 4 Oktoba 1936 Mosley alitaka kupita na mashati meusi yake mashariki mwa London, palipokaa Wayahudi wengi. Wakaaji waliifunga njia katika mtaa wa Cable Street. Wayahudi, wakomunisti na wafanyakazi wa bandarini wenye asili ya Ireland walisimama bega kwa bega, na Mosley akarudi alikotoka. Mwaka huo huo sheria ilipitishwa kukataza sare za kisiasa. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, mwaka wa 1940, Mosley alifungwa na chama chake kikapigwa marufuku.

Je, Kenya? Naam, moshi ulifika. Mlowezi mmoja mashuhuri, Josslyn Hay, aliyejulikana kwa cheo chake kama Lord Erroll, alijiunga na chama cha Mosley mwaka wa 1934 na kukihubiri miongoni mwa walowezi. Hakufua dafu, na vita vilipozuka alikuwa ameshaiacha siasa hiyo. Aliuawa kwa risasi karibu na Nairobi mnamo Januari 1941, na hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia. Lakini tusidanganyike. Mwafrika wa siku hizo hakungoja shati jeusi ndipo ajue ubaguzi. Kipande kilikuwa kinaning'inia shingoni mwake, na ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa imetengewa wazungu. Walowezi walikuwa tayari wanayo mengi ambayo Mosley angewaahidi.

Baada ya vita, wafashisti wa Uingereza walibadilisha nguo tu. Mmoja wa waandishi wa Mosley, A. K. Chesterton, alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini, na katika Vita Vikuu vya Kwanza alipigana huku Afrika Mashariki akiwa kijana wa umri wangu. Mwaka wa 1954 alianzisha kundi la kupinga makoloni yasipewe uhuru. Alishindwa, kama tujuavyo sote. Basi mwaka wa 1967 makundi kadhaa yaliungana kuwa chama cha National Front, naye akawa mwenyekiti. Wimbo sasa haukuwa Wayahudi peke yao. Ulikuwa watu weusi na Wahindi: eti wanajaza nchi, warudishwe kwao.

Hapa ndipo Kenya inapoingia hasa. Tulipopata uhuru mwaka wa 1963, Wahindi wa Kenya ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi walibaki na pasi za Uingereza. Mwaka wa 1967 serikali yetu ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Mwenye duka au mwenye kazi ya karani akaona mlango unafungwa, wa Nairobi, wa Kisumu na wa hapa Mombasa. Wakaanza kuondoka kwa maelfu kwenda Uingereza, kwa sababu ndiyo iliyowapa pasi.

Walipokelewaje? Magazeti yalihesabu ndege zinazotua. Serikali ya Labour, si wafashisti jamani, ikapitisha sheria mbio mbio, siku tatu tu Bungeni, na tarehe 1 Machi 1968 ikatiwa sahihi. Kuanzia hapo pasi ya Uingereza peke yake haikutosha. Ilibidi wewe, mzazi wako au babu yako awe amezaliwa Uingereza, au amepata uraia huko huko. Mlowezi mzungu wa Kenya alipita bila taabu. Mhindi wa Mombasa mwenye pasi ile ile alizuiwa. Mwaka wa 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba huo ulikuwa ubaguzi wa rangi uliowadhalilisha watu hao.

Je, sheria hiyo iliwatuliza wenye chuki? La hasha! Mla cha mwenzake hashibi. Tarehe 20 Aprili 1968 mbunge wa Conservative, Enoch Powell, alitoa hotuba mjini Birmingham akitabiri kwamba wageni wangeleta umwagaji wa damu. Kiongozi wa chama chake alimfuta cheo. Lakini siku chache baadaye wafanyakazi wa bandari ya London waliandamana hadi Bungeni kumuunga mkono. Msomaji, hapo nilisimama kusoma. Hii ni ile bandari ya mashariki mwa London, ambako mwaka wa 1936 wafanyakazi walimzuia Mosley! Nikajifunza kwamba chuki haina kabila lake. Watu wale wale wanaweza kuifukuza leo na kesho wakaibeba mabegani.

Mwaka wa 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Kiasi cha 28,000 waliingia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilitangaza katika gazeti la Uganda likiwasihi wasije mjini humo. Walikuja hata hivyo. Chama cha National Front kilinenepa kwa hofu hiyo, na katika uchaguzi wa baraza la Leicester wa mwaka wa 1976 kilipata karibu kura 18 kwa kila 100. Hata hivyo kulikuwa na wazungu, weusi na Wahindi waliokipinga barabarani na katika muziki. Mwaka wa 1979 kilisimamisha wagombea 303 na wote wakaanguka. Wageni wale walifungua maduka na viwanda, na leo Leicester inajivunia sherehe zake za Diwali. Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 2022 hadi 2024, ni mtoto wa baba aliyezaliwa Nairobi na mama aliyezaliwa Tanganyika.

Moto haujazimika kabisa. Mnamo Julai 2024 wasichana watatu wadogo waliuawa kwa kisu huko Southport. Uvumi ukaenea kwamba muuaji ni mkimbizi aliyekuja kwa mashua. Ulikuwa uongo, kwani alizaliwa Cardiff, Uingereza hiyo hiyo. Lakini misikiti na hoteli za wakimbizi zilikuwa zimeshashambuliwa.

Sasa narudi kwenye kichwa cha makala haya. Sisi wa Frere Town yanatuhusu nini? Mtaa wetu ulianzishwa na wamishonari miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Baadhi ya wakaaji wa kwanza walitoka Nasik, huko India, walikokuwa wamelelewa baada ya kuokolewa. Hawakuwa na babu aliyezaliwa hapa. Wangepimwa kwa sheria ya 1968, nani angeruhusiwa kuingia?

Pia tusiwacheke Waingereza tukasahau yetu. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na askari wakauawa. Karatasi zilisambazwa zikiwaambia watu wa bara warudi kwao, nyumba na vibanda vikachomwa, na maelfu wakakimbilia makanisani. Walioambiwa "warudi kwao" walikuwa Wakenya, na wengine walikuwa wamezaliwa papa hapa pwani. Maneno ni yale yale ya National Front, ila yamesemwa kwa Kiswahili. Kazi ilikuwa haba, ardhi ilikuwa na malalamiko ya kweli, na siasa ya uchaguzi ikatia petroli.

Wenzangu, ile kengele yetu pale Kengeleni ilipigwa zamani kuwaonya watu kwamba maadui wanakuja. Siku hizi adui haji na jahazi. Huja kama uvumi, kama mzaha darasani, kama swali la "huyu ni wa wapi?" Ukilisikia, uliza: nani amesema, na ana ushahidi gani? Mwalimu, hilo ndilo jibu langu. Walikuwako, na si kwao tu.