Fahamu: Kwa nini mwanga wa nyota iliyolipuka huchelewa kutoka

Nyota inapolipuka, tunachokiona si mlipuko wenyewe. Tarehe 23 Februari 1987, mitambo ya Japani, Marekani na Umoja wa Kisovieti ilinasa chembe za nyutrino zipatazo 25 kutoka SN 1987A, nyota iliyolipuka umbali wa takriban miaka 168,000 ya mwanga; mwanga wake ulifuata saa kama tatu baadaye. Nyutrino hupenya karibu kila kitu, lakini fotoni, yaani chembe za mwanga, hugonga elektroni, zikapinda njia, zikagonga tena, kama mtu anayejipenyeza Kariakoo mkesha wa Idi. Zinapata upenyo gesi inapotanuka na kupungua msongamano. Ndiyo maana nyota ile haikufikia kilele cha mng'ao hadi Mei.

Je, mng'ao huo si joto la mlipuko tu linalopoa polepole? Haiwezekani, kwani gesi inayotanuka hupoa upesi mno. Baada ya kilele, mng'ao ulififia kwa mwendo uleule wa kobalti-56, ambayo nusu yake hubadilika kuwa chuma kila baada ya siku 77. Kobalti hiyo hutokana na nikeli iliyozaliwa kwenye mlipuko, na miale yake ya gama ndiyo inayoipasha gesi moto. Kuna aliyedhani nikeli hubaki imefukiwa kitovuni, chini ya matabaka yaliyopangika vizuri. Lakini miale ya gama yenyewe ilinaswa kuanzia Agosti 1987, mapema kuliko mahesabu yalivyotabiri: sehemu ya nikeli ilikuwa imerushwa hadi matabaka ya nje.