Mwanao anatengeneza muziki kwa kompyuta? Yaangalie masikio yake

Jioni moja mdogo wangu wa kidato cha tatu alivua hedifoni ghafla, akazitupa kitandani huku ameshika sikio. "Dada, zimenipigia kelele!" Sikio lilimlia mpaka kesho yake asubuhi.

Alikuwa anajifunza Pure Data, programu ya bure ya kutengeneza muziki wa kielektroniki, iliyobuniwa na Mmarekani Miller Puckette miaka ya 1990. Humo huandiki mistari mirefu ya maelekezo. Unaweka visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa nyaya za kuchora: kimoja kinazalisha mlio, kingine kinaupeleka kwenye spika. Kompyuta kuukuu inatosha. Mtoto anajikuta anacheza na desimali na kuzidisha bila kulazimishwa na mtu. Mimi hesabu zilinikimbiza, kwa hiyo namwonea wivu kidogo.

Shida ni kwamba visanduku hivyo havina huruma. Ukiunganisha cha mlio moja kwa moja na cha spika, sauti inatoka kwa nguvu zote. Katikati inatakiwa kuwe na kisanduku cha kuzidisha chenye namba ndogo, kama 0.1, ili kuipunguza. Mdogo wangu alikiruka. Hata ukikiweka, kidole kikiteleza ukaandika 1, ni yale yale.

Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea mitetemo ya sauti. Zikifa, hazioti tena. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Mtu mzima ni 80. Zikiongezeka desibeli 3 tu, muda huo unakatwa nusu.

Mama alitaka kompyuta ifungiwe kabatini. Nikamwombea. Sasa masharti ni haya: sauti ya kompyuta inaanzia chini kabisa, na kila kisanduku kipya kinajaribiwa hedifoni zikiwa mezani. Mlio ukitulia ndipo anavaa.

Mzazi, sikio la mtoto likilia zaidi ya siku mbili, au akianza kuongeza sauti ya televisheni na kuuliza "eti?" kila mara, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akisema sikio moja limeacha kusikia ghafla, nendeni siku hiyo hiyo. Na tafadhali, usimtie mafuta ya uvuguvugu.