Umekamatwa ukiendesha ukiwa mlevi? Faini si adhabu pekee

Ni Jumamosi saa tatu usiku. Kijana wa bodaboda anatoka Funyula akielekea Sio Port, abiria akiwa nyuma. Amekunywa, na pikipiki inayumba. Polisi wanamsimamisha na kumpeleka kituoni. Hajawahi kushtakiwa maishani mwake. Wenzake wa steji wanampa moyo: "Kubali makosa tu, ulipe faini, Jumanne uko kazini."

Mfano huu tumeutunga, lakini ushauri kama huo unaweza kumfungia mtu kazi mwaka mzima. Wakazi wa kaunti yetu, hasa wanaoishi kwa pikipiki, matatu na malori, wanafaa kujua kinachofuata baada ya kukamatwa mara ya kwanza.

Sheria inasema nini

Kosa hili limo katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Linamhusu mtu anayeendesha, anayejaribu kuendesha au aliye na usimamizi wa gari barabarani au mahali pa umma, huku pombe au dawa za kulevya zimemzidi hata hawezi kulimudu gari ipasavyo. Pikipiki imo ndani ya sheria hii. Aliyelala kwenye usukani, gari likiwa kando ya barabara na ufunguo mkononi mwake, pia anaweza kujikuta mashakani.

Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Zaidi ya hapo, sheria inaelekeza kwamba aliyepatikana na hatia asiwe na leseni kwa miezi 12 kuanzia siku ya hukumu, na mahakama inaweza kuongeza muda huo. Faini unaweza kuchangiwa na jamaa. Leseni hakuna wa kukuchangia, na mkopo wa pikipiki hausimami kwa sababu leseni imesimamishwa. Ukiendesha katika muda huo, unatenda kosa jingine.

Mtu akifa kwa sababu ya uendeshaji wa hatari, shtaka linakuwa la kifungu cha 46, na kifungo kinaweza kufika miaka 10.

Alcoblow na ushahidi

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Wengi hudhani kesi huisha mashine inapotoa nambari. Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba shtaka lazima lisimame juu ya kifungu cha 44. Kwa hiyo swali mbele ya hakimu ni hili: je, dereva alikuwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari? Jinsi ulivyoendesha, ulivyotembea na ulivyozungumza ni mambo yanayoweza kuelezwa na mashahidi. Kumpigia afisa kelele au kukimbia hukuongezea matatizo tu.

Haki zako kituoni

Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili au mtu mwingine wa kukusaidia. Ni lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Muda huo ukiisha wakati mahakama haiko kazini, polisi wana hadi mwisho wa siku ya kazi ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Jumamosi usiku anaweza kufikishwa kortini Jumatatu.

Hata kabla ya hapo, mkuu wa kituo anaweza kukuachilia kwa dhamana. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu, dai risiti na uitunze, kwa kuwa pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha, mradi umehudhuria kila mara ulipotakiwa. Dhamana si faini. Na pesa ya kumfumba afisa macho si dhamana: chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia.

Mbele ya hakimu

Shtaka litasomwa nawe utaulizwa kama ni kweli au si kweli. Kama hukielewi Kiswahili wala Kiingereza vizuri, omba mkalimani, hulipi chochote. Kama hujaelewa shtaka, sema hivyo kabla ya kujibu. Unaweza pia kuomba muda wa kuzungumza na wakili. Wasio na uwezo wanaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Ukikana, kesi hupangiwa tarehe, na una haki ya kuona mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautumia. Ukikiri, maelezo ya tukio husomwa, kisha unapewa nafasi ya kujitetea upunguziwe adhabu. Hapo ndipo useme kwamba ni kosa lako la kwanza, una watu wanaokutegemea, na umechukua hatua gani kubadilika. Hakimu anaweza kuyazingatia, na kwa kosa la uzito huu anaweza kuamuru kazi ya kijamii badala ya kifungo. Usiporidhika na uamuzi, una siku 14 za kukata rufaa. Lakini aliyekiri kosa kwa kawaida hukata rufaa dhidi ya ukali wa adhabu tu, hivyo usikiri kwa sababu ya haraka.

Wanaovuka mpaka wakumbuke kwamba ukikamatwa upande wa Uganda, sheria na mahakama ni za huko.

Kabla ya chupa ya kwanza

Serikali ya kaunti hutoa leseni za baa, lakini haina mamlaka juu ya polisi wala mahakama, na hakuna ofisi ya kaunti inayoweza kukufutia kesi. Njia ya uhakika ni kupanga safari ya kurudi kabla ya kuketi. Muachie ufunguo asiyekunywa, au lipa nauli ya bodaboda aliye timamu na yako ilale hapo hadi asubuhi. Nawe abiria, ukimwona dereva anayumba, shuka. Nauli uliyolipa si sababu ya kuendelea na safari.