Pinot: Staa aliyelia jezi ya njano ikimchungulia

UKITAKA kumtibua shabiki wa baiskeli wa Ufaransa, mtajie mwaka 1985. Ndiyo mara ya mwisho mwanaume wa nchi hiyo, Bernard Hinault, kushinda Tour de France.

Mwaka 2019 ilibaki kidogo. Thibaut Pinot, mtoto wa kijiji cha Mélisey, mashariki mwa Ufaransa, alikuwa moto. Kuelekea Albi upepo wa pembeni uliukata msafara vipande, akapoteza dakika 1 na sekunde 40. Hapo wengi walimzika. Siku tano baadaye akawaacha wote kileleni Tourmalet.

Jezi ya njano haitafutwi kwa pointi kama ligi ya soka, ni ya mwenye jumla ndogo ya muda kwa wiki tatu. Zikiwa zimebaki siku tatu, Pinot alikuwa wa tano, sekunde 20 tu nyuma ya Egan Bernal wa Colombia. Kisha msuli wa paja la kushoto ukagoma. Akajaribu kukanyaga pedali, wapi! Akashuka, akaingia kwenye gari la timu huku analia. Bernal ndiye aliyefika Paris na njano.

Mwili ulishamsaliti kabla. Giro d'Italia 2018 alikuwa wa tatu hadi siku ya mwisho ya milima, akaishia hospitali na nimonia. Oktoba mwaka huohuo jamaa akarudi Italia na kubeba Il Lombardia, moja ya mbio kubwa tano za siku moja.

Hata njano hakuwahi kuivaa. Rekodi yake bora Tour ni nafasi ya tatu, 2014. Lakini nenda kamuulize Mfaransa anampenda nani.

Julai 2023, kwenye Tour yake ya mwisho, njia ilipita milima ya Vosges, jirani na kwao. Mashabiki walijazana kwenye kona moja ya mlima Petit Ballon, nyimbo na moshi kama jukwaa la nyuma ya goli. Pinot akatokea peke yake, akiongoza. Baadaye walimkamata, na Tadej Pogačar akashinda siku hiyo.

Oktoba akastaafu, akiwa na timu ileile aliyoanza nayo 2010. Sasa yuko kwao, anafuga mbuzi.