Joto la bahari lagusa bei ya mahindi Tarime, Serengeti

WAFANYABIASHARA wa nafaka wa Tarime na Mugumu, mkoani Mara, wako mamia ya kilomita kutoka pwani, lakini bei ya gunia la mahindi katika masoko yao huanzia kwenye joto la maji ya Bahari ya Hindi.

Maji ya upande wa Afrika Mashariki yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvuke na mawingu huongezeka huku, na mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba huwa nyingi. Hali ikigeuka, vuli huwa haba.

Mwaka 1997 joto hilo lilikutana na El Nino. Mvua ziliendelea hadi mwanzoni mwa 1998, barabara zikakatika sehemu nyingi nchini, na homa ya bonde la ufa ikaua mifugo Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2016 ilikuwa kinyume. Vuli ilishindwa, na mapema 2017 bei ya mahindi ikapanda nchini. Juni mwaka huo Serikali ikapiga marufuku kuuza mahindi nje, hatua iliyowagusa wanaotegemea wanunuzi wa Kenya kupitia Sirari. Vuli ya 2019 ilifurika tena, na Mei 2020 Ziwa Victoria likapita rekodi ya kina ya 1964.

Bahari za dunia hupokea zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linaloletwa na hewa chafu. Joto hilo hilo linalopunguza barafu katika bahari za ncha ya kaskazini limepandisha joto la magharibi ya Bahari ya Hindi kwa takriban nyuzi 1.2 kati ya 1901 na 2012. Utafiti unaonyesha kwamba vuli za kupindukia zitazidi kutokea.

Kwa mkulima, hasara iko kwenye tarehe. Mavuno ya masika huingia ghalani Julai na Agosti, bei ikiwa chini, na wengi huuza haraka ili kulipa madeni. Utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolewa kati ya Agosti na Septemba. Aliyekwisha kuuza yote hurudi sokoni Desemba akiwa mnunuzi. Vuli ikishindwa, hupeleka ng'ombe mnadani wakati kila mtu anauza, na ng'ombe aliyekonda hanunui magunia mengi.

Utabiri ukionyesha mvua haba, chakula cha nyumbani kisiuzwe, na shamba lipewe mtama, ulezi na muhogo. Ukionyesha mvua nyingi, mahindi yakaushwe mapema na kuwekwa katika mifuko isiyopitisha hewa, na wafugaji wamwone ofisa mifugo kuhusu chanjo kabla ya mafuriko.

Utabiri haupangi bei, na huweza kukosea. Lakini hutangazwa redioni bure, ghala likiwa bado lina kitu.