Milioni Saba, Silinda Tatu, Heshima Kamili

Oya mwanangu wa Mkuyuni, Mwanza, sikia. Najua umejichanga. Mchezo umepokea, kikoba kimevunjwa, viatu vipya umevikwepa mwaka mzima. Sasa una maokoto, milioni 7 taslimu, na kichwa kimechemka. Unataka ndinga. Freshi kabisa. Kugombania daladala pale barabara ya Kenyatta saa moja asubuhi, shati jeupe, pembeni yako ndoo ya sato inadondosha maji, hayo siyo maisha ya mtu mwenye mipango.

Ila shika hii kabla hujampigia dalali: ukiwa na milioni 7, gari yako ni ya milioni 5 na nusu. Ile moja na nusu inayobaki ni ya gari pia, ila huiendeshi. Ni matairi, shokapu, oili, bima na kadi. Mwana anayemwaga hela yote kwenye bei ya kununulia anapiga misele Jumatatu, anapanda boda Ijumaa. Na kitaa kizima kinaona. Noma.

WAZEE WA KAHAWA NA INJINI ZAO

Taja Vitz pale kijiweni uone. Wazee wanacheka mpaka kashata inawapalia. "Silinda tatu? Hiyo si bajaji yenye milango?" Kisha mjomba anasafisha koo na kutoa ushauri aliouhifadhi miaka nenda rudi: chukua gari nzito, inayotulia barabarani. Mark II, GX 110. Mjomba, itulie barabara ipi? Mkuyuni mpaka mjini ni foleni. Pale kila gari imetulia.

Twende na hesabu, maana wazee huwa hawaipendi. GX 110 ni cc 2,000, silinda 6. Kwenye foleni ikikupa kilomita 8 kwa lita, shukuru Mungu. Vitz ya cc 1,000 ukiikanyaga kistaarabu inakupa 15. Chukulia unapiga kilomita 30 kwa siku: kazini, gym, kwa shemeji Nyegezi, kurudi. Vitz imekunywa lita 2. Mark II inakaribia 4. Weka petroli shilingi 3,000: ni 6,000 dhidi ya 11,250. Siku 26 za mwezi, tofauti ni 136,500. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 1.6. Yaani mjomba anataka uchome hela hiyo kila mwaka ili utulie barabarani.

Na sheli ndiko serikali inakokungojea. EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa Mwanza tunalipa kuliko wa Dar kwa sababu mafuta yamesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini. Halafu ile road license ya kila mwaka ilifutwa 2017, badala yake ushuru wa mafuta ukapandishwa shilingi 40 kwa lita. Maana yake ada ya barabara unailipia kwenye pampu. Anayekunywa kidogo analipa kidogo. Silinda tatu wanacheka.

Nyundo ya mwisho. Ile injini wanayoiita ya bajaji, 1KR ya Toyota, ilichukua tuzo ya kimataifa ya injini bora chini ya lita moja miaka 4 mfululizo, 2007 hadi 2010. Na wale wazee wa Peugeot, wanaolia na 504 yao mpaka leo? Peugeot wenyewe waliichukua injini hiyo hiyo ya silinda tatu wakaiweka kwenye 107. Waambie pole pole, wana presha.

NANI ANAPAKI GETO, NANI ANABAKI NJE

Passo. Ya kwanza, ile iliyoanza 2004, ndiyo mchongo wa bajeti hii. cc 996, silinda tatu, gia boksi ya kawaida ya otomatiki, cheni badala ya mkanda wa taimingi. Ikiwa sailensi inatetemeka kidogo. Ndivyo ilivyo, usiogope. Ikitetemeka mpaka simu inaanguka kwenye dashibodi, hapo injini imeachia mikono, agana nayo. Passo zilizoanza 2010 zina gia boksi ya CVT. Siyo mbaya, ila inataka oili yake yenyewe. Mwenye gari akikujibu "mi naweka oili yoyote tu", funga mlango taratibu, sepa.

Vitz. Ya 1999 mpaka mwanzo wa 2005 ni cc 997, silinda 4, ndogo, ngumu, spea zake zimejaa mjini. Ya pili, kuanzia 2005, ndiyo yenye 1KR, na ina sura ya kisasa zaidi. Ukiikuta ndani ya bajeti na imetulia, usilale. Tena ile ya kwanza huko Ulaya iliitwa Yaris, na ikatajwa Gari Bora ya Mwaka 2000. Kijiweni hawajui.

IST. Najua ndiyo inakunyima usingizi. Ndiyo chuma la mjini, kila picha ya "Mungu amejibu" ina IST nyuma. Gari nzuri kweli, sina ugomvi nayo: cc 1,298 au 1,496, roho ya paka. Ila jina lake limepanda bei kuliko bati lake. IST nzima haiji kwa milioni 5 na nusu. Ikija, kuna stori, na stori hiyo utaisikia kwa fundi.

Starlet. Uzalishaji uliisha 1999, kwa hiyo iliyo changa kabisa ina miaka zaidi ya 25. Injini yake ngumu, sikatai. Ila bodi inaoza, na ukishuka nayo mademu wanakuamkia shikamoo. Mwachie mjomba.

Honda Fit. Tamu, ndani kubwa. Ila ile ya kwanza ya 1.3 ina plagi 8. Nane, mwanangu, kwenye injini ya silinda 4. Passo ina 3. Ukienda kubadilisha plagi utaelewa upendo ni nini.

Demio na March zinatembea vizuri tu, lakini spea ya Toyota hapa Mwanza unaipata kabla chai haijapoa, ya wenzao unaambiwa "inakuja na basi kesho".

Na kile kiBMW cha milioni 6 ulichokiona mtandaoni, umekisevu, unakiangalia usiku? Futa. Bei ya gari imeshuka, bei ya spea haijashuka. Utajimwambafai wiki mbili, halafu kitakaa juu ya matofali mpaka kuku watage humo.

HERUFI ZINAZOWATIA WATU UCHIZI

Mjini sasa tuko namba E. Ukija na namba B unaonekana wa mwaka juzi, ukija na namba A unaonekana umerithi. Hapo ndipo masela wanapopigwa. Ile herufi inasema gari ilisajiliwa lini Bongo. Haisemi ilitengenezwa lini. Passo ya 2005 inaweza kuwa namba C, na pacha wake wa 2005 akashuka bandarini majuzi akapewa namba E. Umri ni mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja ameshakula mashimo yetu miaka kumi na kitu, mwingine bado ana miguu ya Kijapani. Hiyo tofauti ina thamani, ndiyo, lakini uilipie baada ya kukagua miguu. Herufi haina bushi wala shokapu.

Mwaka halisi utauona kwenye kadi ya gari. Hakikisha tena kwenye kile kitambaa kidogo chini ya mkanda wa kiti, huwa kina tarehe ya kutengenezwa. Mkanda una mwaka mwingine na kadi mwingine? Uliza kwa nini. Sikiliza kigugumizi.

Kuagiza Japani? Kwa milioni 7, hapana. Tulia nikuoneshe. TRA wanapiga ushuru wa forodha asilimia 25. Gari ikizidi miaka 10 kuna ushuru wa uchakavu asilimia 30. Juu ya yote VAT 18. Zikipandana, kodi inakaribia kuwa sawa na bei yenyewe, na wanakokotoa kwa thamani wanayoijua wao, siyo uliyolipa wewe. Kikokotoo chao kipo mtandaoni, ingia bure. Kizuri kimoja: cc isiyozidi 1,000 haina ushuru wa ukubwa wa injini, 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, juu ya hapo 10. Hata TRA wako upande wa silinda tatu. Ukijichanga tena siku za mbele, agiza. Leo tunakula ya mkononi.

KAMUSI YA DALALI

"Unaingia barabarani tu." Ndiyo, kuisukuma.

"Full kipupwe." Washa, subiri dakika kumi, ndiyo utajua ni kipupwe au ni feni.

"Ya dada mmoja Capri Point, alikuwa anaendea kanisani." Huyo dada ana magari mangapi? Maana kila dalali wa jiji hili anamuuzia.

"Ilikuwa ya daktari." Fungua buti, nusa. Ikinuka dagaa, basi daktari alikuwa anatibu sokoni Mwaloni. Harufu ya dagaa haitoki, mwanangu. Unaosha, unapulizia, mvua ikinyesha inarudi. Demu wako atakaa kimya mpaka Buhongwa, halafu atasema anataka kushuka. Na iliyobeba dagaa kila alfajiri imebeba mzigo mzito pia: inama, angalia springi za nyuma.

Ukaguzi wenyewe uko hivi. Nenda asubuhi na fundi wako, siyo fundi wa dalali. Gusa boneti: ikiwa ya moto, wameshaiamsha ili kuficha kitu. Ondoka, rudi baadaye. Geuza ufunguo bila kuwasha: taa ya injini lazima iwake kwanza, izimike ukishawasha. Isipowaka kabisa, mtu ameizima makusudi. Chomeka mashine ya kupima. Angalia moshi: wa bluu ni oili inaungua. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji yamekutana na oili, kwaheri.

Kisha ipeleke kilimani. Hili ni jiji la miamba. Panda nayo Bugando, watu wanne ndani, kipupwe kinapuliza. Mshale wa joto au taa yake ikitulia na gia ikabadilika bila kupiga teke, bajaji yenye milango imefaulu. Shuka nayo kwenye vumbi na mawe, zima muziki, sikiliza miguu. Dalali atataka kuongeza sauti ya redio. Mwambie atulie.

Karatasi nazo. Kadi, chassis namba, injini namba, vyote vilingane na vilivyo kwenye chuma. Jina la muuzaji liwe lililo kwenye kadi, siyo "ya braza yuko Geita". Ingiza namba kwenye mfumo wa trafiki uone madeni, maana makosa yanalala pale yanakungojea. Bima ndogo ni 118,000 kwa mwaka, na stika yake unaihakiki kwenye mfumo wa TIRA. Halafu hamisha umiliki wiki hiyo hiyo. Gari iliyo kwa jina la mtu mwingine ni ya mtu mwingine.

AIBU ZINAZOLIPIWA

Kuna vitu vinakula ile moja na nusu yako na bado vinakuchoresha. Ringi 17 kwenye Passo: matairi ghali, stelingi nzito, kila shimo la Igogo unalisikia kwenye meno. Baki na 13 au 14. Silensa iliyotobolewa ili ingurume: unaamsha watoto wa watu na unapigwa mkono na trafiki. Manyoya kwenye stelingi, Mwanza hii yenye jua? Acha. Na mkopo wa kausha damu wa kuongezea ili upate IST, huo usiuguse kabisa. Utakuwa unaendesha gari ya wakopeshaji.

Kinachokubalika: gari safi, taa zinawaka zote, oili mpya, matairi yana meno, kioo hakina ufa. Hiyo ndiyo swaga. Mwana mwenye Passo inayowaka mara moja kila asubuhi anawaacha kwenye mataa wenye Crown ya kuazima hela ya mafuta.

Na usidhani silinda tatu ni za mjini tu. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, kilomita 3 juu ya ziwa, foleni ya kivuko kwisha. Jumamosi unajaza lita chache, unapita Nyegezi, Buhongwa, Usagara, unavuka mpaka Sengerema na washkaji watatu waliochangia mafuta, na inabaki hela ya kula sangara. V8 zitakupita, sawa. Daraja ni lile lile na picha ni zile zile.

Kwa hiyo leo jioni, mpigie dalali. Mwambie unataka Passo au Vitz, cc 1,000, kadi ya jina la muuzaji mwenyewe. Mwambie unakuja kesho saa moja asubuhi na fundi wako, injini iwe ya baridi, na lazima ipande Bugando kabla hujatoa hata shilingi. Akikubali, kaeni kwenye maongezi. Akikata simu, umeshaokoa milioni 5 na nusu kwa vocha ya jero.